Kumsaidia Mtu Anayeshindwa Kujizuia Kula: Mwongozo wa Hatua 10

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi nyumba moja na ndugu, mwenzi au rafiki mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, ambaye mara kwa mara hula chakula kingi kupita kiasi na hawezi kujizuia. Unaeleza la kufanya, mpangilio wa kulifanya, na namna ya kuhakikisha kuwa hatua moja imekamilika kabla ya kuanza nyingine. Usiruke hatua wala usibadilishe mpangilio, isipokuwa pale mwongozo wenyewe unapokuelekeza.

Kama unayetaka kumsaidia ana umri chini ya miaka 18, ni mjamzito, au ana kisukari, fanya hatua ya 1 na ya 4, kisha nenda moja kwa moja hatua ya 6. Hatua nyingine zifanyike kwa maelekezo ya mtaalamu aliyemwona.

Maneno yanayotumika

- *Mhusika*: mtu anayeshindwa kujizuia kula.
- *Msaidizi*: wewe unayesoma.
- *Tukio*: kipindi kimoja, kwa mfano ndani ya saa 2, ambapo mhusika hula chakula kingi kuliko ambacho watu wengi wangekula katika muda na mazingira hayohayo, huku akihisi hawezi kusimama wala kuchagua anachokula.
- *Kufidia*: kujaribu kufuta chakula kilicholiwa kwa kujitapisha, kunywa dawa za kuharisha au za kukojosha, kushinda na njaa, au kufanya mazoezi ya kujiadhibu.
- *Kichocheo*: hali, mahali, saa, neno au hisia inayotangulia tukio.

Vifaa

- Daftari 1 dogo na kalamu 1, vya mhusika peke yake.
- Karatasi 1 ya ratiba ya milo.
- Saa au simu yenye kengele.
- Namba ya simu ya kituo cha afya kilicho karibu.
- Nauli ya kwenda na kurudi, iliyotengwa mapema.

Mizani ya kupimia uzito, kufuli la kabati na orodha ya vyakula vilivyopigwa marufuku havihitajiki. Kama vipo kwa ajili ya mhusika, viondoe leo.

Hatua ya 1. Kagua dalili za hatari

Kabla ya jambo lolote, angalia kama mojawapo ya hali hizi ipo:

a) Maumivu makali ya tumbo baada ya kula sana, tumbo limejaa na kuwa gumu, au mhusika anataka kutapika lakini hawezi.
b) Anatapika damu, au anapata choo cheusi kama lami.
c) Amezimia, moyo unapiga bila mpangilio, au misuli imelegea, hasa kama hujitapisha au hutumia dawa za kuharisha. Kufidia kwa njia hizo hupunguza madini ya potasiamu mwilini, na upungufu huo unaweza kusimamisha moyo.
d) Anatumia insulini na ameacha kuichoma, au anaipunguza kwa makusudi.
e) Anasema anataka kufa au anataka kujidhuru.

Ukiona a, b, c au d, mpeleke hospitali iliyo karibu sasa hivi. Ukiona e, usimwache peke yake. Ondoa nyumbani sumu ya panya, dawa za mimea na mifugo na akiba ya vidonge, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kama huna hakika kuhusu e, muulize wazi: "Je, umewahi kufikiria kujiua?" Swali hili halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo.

*Hakiki:* Majibu yote matano ni "hapana", au mhusika ameshaonwa na daktari na kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Hatua ya 2. Tofautisha tukio na shibe ya kawaida

Kula pilau sahani tatu siku ya Idi au harusini si tukio. Watu wote pale wamekula hivyo, na aliyeshiba anaweza kuweka kijiko chini. Kula sana baada ya kutwa shambani au kwenye kibarua kizito pia si tukio.

Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliingiza hali ya kupata matukio mara kwa mara katika toleo la 5 la mwongozo wake kama ugonjwa unaojitegemea. Shirika la Afya Duniani nalo limeutambua katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Kwa kipimo cha mwaka 2013, matukio yanapaswa kutokea angalau mara 1 kwa wiki kwa muda wa miezi 3, yawe yanamsononesha mhusika, na yaambatane na mambo yasiyopungua 3 kati ya haya 5:

1. Kula haraka kuliko kawaida yake.
2. Kula mpaka tumbo linauma kwa kujaa.
3. Kula kingi bila kuwa na njaa.
4. Kula kwa kujificha kwa sababu ya aibu.
5. Kujichukia, kuhuzunika au kujilaumu baada ya kula.

Ongeza swali la 6: je, hufidia mara kwa mara? Kama jibu ni ndiyo, huenda ni ugonjwa mwingine unaofanana na huu lakini wenye hatari zaidi kwa moyo na meno. Katika hali hiyo usisubiri miezi 3. Fanya hatua ya 4, kisha nenda hatua ya 6.

Usitumie umbo la mwili kama kipimo. Mtu mwembamba anaweza kuwa na ugonjwa huu, na mtu mnene anaweza kuwa hana. Usitumie jinsia pia, kwa maana wanaume wanaupata, na wengi wao hufichwa na sifa ya kuwa "mlaji hodari".

*Hakiki:* Unaweza kutaja uliyoyaona kwa macho yako (maganda chini ya godoro, sufuria iliyokwisha usiku, deni dukani), bila kutumia neno "mlafi" wala "mroho". Kazi yako ni kuona tu. Kuthibitisha ugonjwa ni kazi ya mtaalamu wa hatua ya 6.

Hatua ya 3. Jifunze mzunguko wa tukio

Soma mzunguko huu mpaka uweze kuusema bila kutazama:

kujinyima → njaa kali → kichocheo → tukio → aibu → kujinyima tena.

Watu wengi hudhani mzunguko huanzia kwenye tukio. Mara nyingi huanzia kwenye kujinyima. Kuanzia Novemba 1944, Profesa Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwafuatilia wanaume 36 wenye afya njema waliojitolea kuishi kwa takriban nusu ya chakula chao kwa wiki 24. Walianza kuwaza chakula mchana na usiku. Walipoachiwa kula watakavyo, baadhi yao walikula kiasi kikubwa mno, na hata matumbo yalipojaa waliendelea kusema wana njaa. Watu hawa walikuwa wamechaguliwa kwa uimara wa mwili na akili, na kilichowafikisha hapo ni njaa.

Kujinyima si sababu pekee. Ugonjwa huu huonekana zaidi katika baadhi ya koo, na msongo wa mawazo, huzuni, kudhihakiwa kwa ajili ya mwili na maumivu ya utotoni huchangia. Hata hivyo, kujinyima ndiko msaidizi anakoweza kukugusa moja kwa moja, kwa kupika, kupakua na kuketi mezani. Kwa sababu hiyo ratiba ya milo katika hatua ya 7 ndiyo nguzo ya mwongozo huu, na kumnyima mhusika chakula ndilo kosa kubwa kuliko yote.

*Hakiki:* Jiulize: "Mhusika amekula kingi usiku wa jana. Je, leo asubuhi apewe chai kavu tu?" Kama umejibu "ndiyo", rudia hatua hii.

Hatua ya 4. Ondoa kauli zinazoumiza

Kabla ya kuzungumza na mhusika, rekebisha maneno ya nyumba nzima. Kutaja mwili wa mtu katika salamu ni mazoea ya kawaida kwetu, na wengi hawakusudii ubaya. Kwa mhusika, neno hilo moja linaweza kuwa kichocheo.

Acha kusema:
- "Umenenepa!" au "Umepungua, sasa unapendeza!" Sifa ya kukonda nayo humrudisha kwenye kujinyima.
- "Utamaliza chakula cha nyumba nzima."
- "Jikaze tu, acha kula."
- "Kwani hukushiba?"

Badala yake sema: "Habari za kutwa?", "Nimefurahi kukuona", "Karibu tule."

Mweleze kila mtu mzima wa nyumbani sentensi moja tu: "Kuanzia leo hatuzungumzii mwili wa mtu yeyote wala kiasi anachokula." Usimtaje mhusika. Kanuni iwe ya wote.

*Hakiki:* Siku 7 mfululizo zimepita bila wewe mwenyewe kutamka kauli iliyokatazwa. Ukikosea, anza kuhesabu upya. Aliyeelekezwa hatua ya 6 asisubiri siku 7; atimize kanuni hii huku akiendelea.

Hatua ya 5. Zungumza naye faraghani

Chagua saa ambayo hakuna chakula mbele yenu, na isiwe mara tu baada ya tukio. Tenga dakika 30. Muwe watu wawili tu, na simu zizimwe sauti.

Kama mhusika ni mkubwa wako, kwa mfano mama, baba au mjomba, usimkabili wewe. Mwombe mtu wa rika lake anayemheshimu, kama shangazi au rafiki yake wa siku nyingi, afanye hatua hii baada ya kusoma mwongozo huu wote.

Fuata mpangilio huu wa maneno:

1. Taja ulichoona: "Dada, nimeona mara kadhaa unaamka usiku kula, na asubuhi unakuwa mnyonge."
2. Taja hisia yako: "Nina wasiwasi na wewe. Sikulaumu."
3. Uliza: "Kwako wewe, hali ikoje?"
4. Nyamaza na usikilize. Usikatize, usitoe ushauri, usilete mfano wa jirani aliyepona kwa kunywa ndimu.
5. Toa ahadi: "Jambo hili lina jina hospitali na lina matibabu. Nitakusindikiza."

Akikataa au akikasirika, sema: "Sawa. Mimi nipo," na uishie hapo. Subiri siku 14 kabla ya kurudia. Wakati wa kusubiri, endelea na kanuni ya hatua ya 4, na upike milo ya nyumbani kwa saa zinazotabirika. Usimpekue, usimvizie, usiwaite wazee wamweke kikao.

*Hakiki:* Mhusika amekubali kwa kinywa chake angalau jambo moja: kumwona mtaalamu.

Hatua ya 6. Mpeleke kwa mtaalamu

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na uombe rufaa ya huduma ya afya ya akili. Huduma hizo hutolewa katika hospitali nyingi za rufaa. Miongoni mwa hospitali kubwa zenye huduma hizo ni Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe jijini Dodoma, Mathari jijini Nairobi na Butabika jijini Kampala.

Omba mambo 3:

1. Uchunguzi wa mwili: shinikizo la damu, sukari na vipimo vingine atakavyoona daktari.
2. Tathmini ya afya ya akili, ikiwemo sonona na wasiwasi, ambavyo mara nyingi huandamana na ugonjwa huu.
3. Tiba ya utambuzi na tabia, yaani mazungumzo yenye mpangilio na mtaalamu kuhusu fikra, hisia na mazoea yanayoleta tukio.

Mwongozo wa matibabu uliotolewa nchini Uingereza mwaka 2017 unaelekeza mtu mzima aanze na programu ya kujisaidia kwa usimamizi wa mtaalamu, kisha tiba hiyo kwa kikundi au ana kwa ana ikihitajika, na unakataza dawa kuwa matibabu pekee. Unataka pia mgonjwa aelezwe kwamba lengo la tiba si kupunguza uzito, na ashauriwe asijinyime chakula kwa nia hiyo wakati wa matibabu, kwa kuwa kujinyima kunaweza kuchochea matukio.

Usinunue dawa, chai wala matone ya kupunguza mwili yanayouzwa mitaani au mitandaoni. Kama daktari ameandika dawa, itumike kwa kiasi na muda alioandika.

*Hakiki:* Mhusika ana tarehe ya miadi ya pili, imeandikwa, na nauli yake imetengwa. Mtaalamu ameridhia mfano wa ratiba ulio katika hatua ya 7.

Hatua ya 7. Panga ratiba ya milo

Andika milo 3 na vitafunwa 2 au 3 kwa siku, pasipite zaidi ya saa 4 kati ya kimoja na kingine, isipokuwa wakati wa usingizi wa usiku. Utaratibu huu wa kula kwa saa maalumu ndio msingi wa tiba aliyoiendeleza Profesa Christopher Fairburn wa Chuo Kikuu cha Oxford. Mfano, kwa saa za Kiswahili:

- Saa 1:00 asubuhi: uji kikombe 1, yai 1 na chapati 1 au vipande vya mihogo.
- Saa 4:00 asubuhi: ndizi mbivu 1 na karanga za kujaa kiganja.
- Saa 7:00 mchana: ugali au wali, maharage au samaki, mboga za majani.
- Saa 10:00 alasiri: chai ya maziwa na andazi 1.
- Saa 1:00 usiku: wali, ndizi au viazi, mchuzi na mboga.

Vyakula hivi ni mfano. Badilisha kulingana na mfuko, msimu na ushauri wa mtaalamu. Kisichobadilika ni saa.

Zingatia kanuni hizi 4:

1. Mlo uliwe hata kama mhusika hana njaa. Mwanzoni njaa na shibe yake hazitoi taarifa sahihi.
2. Hakuna chakula kilichoharamishwa kwa mhusika peke yake.
3. Kama familia hula sinia moja, mhusika naye ale kwenye sinia. Kama mnataka sahani, wote wapakuliwe sahani. Kumtengea mmoja ni kumuaibisha mbele ya wenzake.
4. Usifungie kabati. Chakula kikifungiwa, tukio huhamia kwenye kibanda cha chipsi au kwenye mkopo wa dukani.

Mhusika anayefunga Ramadhani au Kwaresima amuulize mtaalamu wake na kiongozi wake wa dini kabla ya mfungo kuanza. Kushinda na njaa kisha kula mara moja jioni kunafanana mno na mzunguko wa hatua ya 3. Uislamu unampa mgonjwa ruhusa ya kufungua.

*Hakiki:* Ratiba imebandikwa jikoni bila jina la mtu, na kengele 5 zimewekwa kwenye simu ya mhusika.

Hatua ya 8. Mpe mhusika daftari

Mhusika aandike kila anapokula, papo hapo, mambo 5: saa, chakula, mahali, kama lilikuwa tukio (ndiyo/hapana), na alichohisi kabla. Asiandike kalori wala uzito.

Daftari ni lake. Wewe hulisomi mpaka akufungulie mwenyewe. Msaidizi anayelisoma kwa siri atajikuta akisoma uongo.

Siku 14 zikitimia, mwombe ahesabu vichocheo 3 vinavyojirudia zaidi. Kwa kawaida utaona vya namna hii: mlo uliorukwa, ugomvi nyumbani, upweke wa usiku, siku ya mshahara, au neno la mtu kuhusu mwili wake.

*Hakiki:* Vichocheo 3 vimeandikwa kwa mkono wa mhusika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari.

Hatua ya 9. Kabili kila kichocheo, na tukio likitokea

*Kabla ya tukio.* Kwa kila kichocheo, andikeni tendo 1 mbadala linaloweza kuanza ndani ya dakika 2 na kudumu angalau dakika 15: kutembea mpaka kwa jirani, kuoga, kumpigia simu mtu mliyemchagua, kufua. Hamu ya kula hupanda, kisha hushuka. Tendo hili humvusha mhusika muda huo. Kama kichocheo ni mlo uliorukwa, usitafute mbadala. Ale.

*Wakati wa tukio.* Usimpokonye sahani. Usimfokee. Usiite watu. Kama mmeshakubaliana hivyo mapema, keti karibu naye; ukimya unatosha.

*Baada ya tukio*, fuata mpangilio huu:

1. Rudia kukagua dalili za hatua ya 1.
2. Mpe maji, glasi 1, anywe polepole.
3. Sema: "Limepita. Tutakula saa ileile ya kawaida."
4. Kaa naye au mshughulishe kwa dakika 60, muda ambao hamu ya kufidia huwa kali.
5. Andaa mlo unaofuata kwa saa ya ratiba, kwa kiasi cha kawaida. Kama tukio lilikuwa saa 4:00 usiku, kifungua kinywa kibaki saa 1:00 asubuhi. Usikiruke wala usikipunguze.

*Hakiki:* Mlo wa kwanza baada ya tukio uliliwa ndani ya dakika 30 za saa ya ratiba.

Hatua ya 10. Kagua kila wiki

Chagueni siku 1 ya wiki na dakika 20. Mhusika ndiye anayesoma, wewe unasikiliza. Hesabuni mambo 3 tu: siku ambazo ratiba ilifuatwa kamili, idadi ya matukio, na kama miadi ya mtaalamu ilihudhuriwa. Msipime uzito nyumbani. Ukihitajika, mtaalamu ataupima.

Soma matokeo hivi:

- Siku za ratiba zinaongezeka, matukio hayajapungua: endeleeni. Ratiba hutangulia, matukio hufuata.
- Matukio yamepungua kisha yakarudi wiki moja: ni jambo la kawaida katika kupona. Rudini hatua ya 7, msirudi mwanzo.
- Wiki 4 zimepita, siku za ratiba wala matukio havijabadilika: msisubiri tarehe ya miadi, rudini kwa mtaalamu.
- Mhusika ameanza kufidia: rudini hatua ya 1, kisha ya 6, siku hiyohiyo.

Mwisho, jikague na wewe. Kama unakosa usingizi, unahesabu matonge yake au unalipa madeni yake dukani kwa siri, umetoka kwenye usaidizi umeingia kwenye ulinzi. Mpe mtu mwingine wa nyumbani zamu ya kupika au ya kusindikiza hospitali, na umweleze mtaalamu hali yako.

*Hakiki:* Ukaguzi wa wiki ijayo una siku na saa.

Kupona huchukua miezi, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Usiahidi tarehe, na usikubali kuahidiwa na muuza dawa yeyote. Kama utakumbuka kanuni moja tu ya mwongozo huu, iwe hii: baada ya tukio, mlo unaofuata huliwa kwa saa yake.